Rangi mpya ndani ya pikapu ya marehemu baba

MSOMAJI mpenzi, je, umewahi kuingia katika gari la zamani, ukaweka mkono juu ya dashibodi, kisha ukauondoa na kukuta vidole vimejaa unga mweupe kama vya mwalimu aliyetoka kuandika ubaoni? Ikiwa hujawahi, basi ungetutembelea Embulbul kabla ya Januari 2025. Ungeikuta pikapu ya marehemu baba chini ya mgrevilia nyuma ya nyumba yetu, mabati yake mazima, injini ikiwaka kwa mara ya kwanza, lakini ndani umepauka mpauko wa mifupa iliyoachwa juani.

Embulbul, kwa wasiopajua, ni pale unapopita ukitoka Karen kuelekea mji wa Ngong, katika Kaunti ya Kajiado. Makanga wa magari ya nambari 111 hupaita Bulbul tu. Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux, ya kile kizazi kilichoanza kuundwa 1988 kikafika hadi 1997. Baba aliinunua mkono wa pili mwaka wa 1999. Alikuwa na duka dogo la vyakula vya mifugo, na gari hilo lilikuwa miguu ya duka. Lilibeba marobota ya nyasi kutoka Isinya, mbuzi kutoka soko la Kiserian, viti vya kanisa, mchanga, na kila jirani aliyeomba lifti. Lilibeba maharusi mara mbili na jeneza mara nne. Jeneza la nne lilikuwa lake mwenyewe, mwaka wa 2022.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeliendesha isipokuwa kaka yangu mkubwa, ambaye kila Jumamosi aliliwasha ili betri isife, akalirudisha hatua mbili, akalipeleka mbele hatua mbili, akalizima.

Sasa mambo ya pesa nayo yana tabia ya kubisha hodi wakati usiofaa. Kitinda mimba wetu alikuwa amebakisha muhula mmoja chuoni, na deni la karo lilikuwa limefika kiwango ambacho chuo hakingemruhusu kuketi mtihani. Tuliketi sebuleni kwa mama mwezi wa Desemba, watoto wote wanne. Tuliuliza nani ana nini. Nani hana nini ndilo jibu lililojaa chumba. Hatimaye mama, ambaye mahakama ilikuwa imemkabidhi hati ya kusimamia mali ya baba, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Iuzeni pikapu."

Mnunuzi wa kwanza alitoka Kiserian. Alikagua chesisi akalala chini kabisa, akasikiliza injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua mlango. Alipitisha kidole juu ya dashibodi, akakitazama, akatuonyesha ule unga bila kusema neno. Alitupa laki mbili na nusu, na sisi tulikuwa tumetarajia nne.

"Gari ambalo ndani linafanana hivi," akasema, "mtu hujiuliza lilitunzwa vipi kule asikoona."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kubadilisha oili kabla ya wakati. Nikamwambia kaka asimjibu bado. Nikasema nitalipaka rangi ndani mwenyewe. Kaka alicheka hadi akashika mlango. Akaniuliza kama naitaka pikapu iende kwenye harusi, maana nitakuwa naitia poda usoni. Nami sikumlaumu. Mimi ni mwandishi wa makala. Chuoni nilifundishwa kuuliza maswali, sikufundishwa kushika spana. Lakini kuuliza maswali nako ni kazi, basi nikaanza kuuliza.

Swali la kwanza: kwa nini plastiki hupauka? Nilidhani ni vumbi, kumbe vumbi husingiziwa tu. Anayeharibu ni jua, hasa ile miali yake isiyoonekana kwa macho, ile ile inayochoma ngozi. Plastiki imeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli, na miali hiyo huikata kipande kwa kipande, ikianzia juu. Uso wa plastiki hujaa nyufa ndogo mno, na mwanga ukigonga nyufa hizo hutawanyika kila upande, jicho likaona weupe. Vipande vilivyokatika ndivyo unga unaoupata kidoleni. Nasi tunaoishi huku tumejiweka mahali pabaya kwa jambo hilo: tuko chini ya digrii mbili kutoka kwenye ikweta, na tuko juu, kwani milima ya Ngong yenyewe hufika mita 2,460. Kila unapopanda mita 1,000 miali hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10. Baridi yetu ya Julai hutudanganya. Mtu wa Mombasa hutokwa na jasho akajua jua lipo. Sisi huvaa sweta huku dashibodi ikiungua.

Isitoshe, vioo havilingani. Kioo cha mbele kikiwa cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, huzuia sehemu kubwa ya miali hiyo. Vioo vya milangoni huipitisha kwa wingi. Ndiyo maana mlango wa dereva wa pikapu yetu, uliokuwa ukielekea magharibi miaka yote chini ya ule mgrevilia, ulikuwa mbaya kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Laiti baba angeegesha akielekea upande mwingine!

Swali la pili lilikuwa la fundi. Nilikwenda Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, kuulizia dashibodi iliyotolewa kwenye gari jingine. Nilitajiwa bei, nikaaga. Pale pale kijana mmoja aliyekuwa akipanga taa za nyuma akanipa ushauri wa bure: nisipake chochote kabla ya kujua ni plastiki gani. Kwani ziko ngapi? nikauliza. Akanitazama kwa huruma.

Hapa ndipo ningetaka usome polepole, msomaji, kwa sababu ndipo nilipopotea. Plastiki nyingi za ndani ya gari ni za aina mbili. Moja huitwa ABS, nayo hupokea rangi bila ubishi mkubwa. Nyingine ni polipropilini, plastiki ya viti vile vyeupe tunavyokodi kwa matanga na harusi. Hebu jaribu kupaka kiti kile rangi uone! Itakaa wiki moja, kisha itabanduka kama ngozi ya nyoka. Polipropilini ina uso ambao hautaki kushikwa na kitu. Ukifungua kipande na kutazama nyuma yake, mara nyingi utakuta herufi zimechongwa, PP au ABS. Usipoziona, chukua kijipande kilichovunjika ukitupe katika karai la maji. Polipropilini tupu huelea, ABS huzama. Si kipimo cha maabara, kwa kuwa polipropilini iliyochanganywa na unga wa mawe yaweza nayo kuzama, lakini kwa mtu mwenye karai na subira kinatosha kuanzia.

Kijana yule alinieleza haya yote nami nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikarudi nyumbani nikafanya kinyume. Nilipita duka moja la vifaa vya ujenzi, muuzaji akaniuzia mkebe wa rangi ya mafuta inayong'aa, akiniapia kwamba hiyo hushika hata juu ya glasi. Nikaosha paneli ya mlango wa dereva kwa kitambaa chenye maji, nikapaka kwa brashi, nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi rangi ilikuwa imejikusanya katika vijiduara vidogo kama macho ya samaki, na katikati ya kila kijiduara palionekana plastiki tupu. Nilipogusa kwa ukucha, ilitoka utepe mzima.

Sababu nilikuja kuijua baadaye. Vijana wa kuosha magari huku kwetu hupenda kumalizia kazi kwa kupaka dashibodi dawa ya kung'arisha. Nyingi ya dawa hizo zina silikoni, na silikoni haiondoki kwa maji. Rangi ikiikuta hukimbia. Wengine hupaka vaselini, na nimeona kwa macho yangu mtu akipaka oili chafu ya injini. Siku mbili gari hung'aa, siku ya tatu limenasa vumbi lote la Kajiado. Baba naye, Mungu amrehemu, hakuwahi kukataa dawa ya kung'arisha. Alikuwa akiipenda harufu yake.

Kwa hiyo nilianza upya, na safari hii bila haraka. Nilifungua skrubu za vipande vidogo vyote vilivyokubali kutoka: vifuniko vya spika, visahani vya vishikio, fremu ya redio, paneli za milango. Kila skrubu niliibandika kwenye kipande cha katoni na kuandika ilikotoka. (Nakusihi ufanye hivyo. Skrubu zote hufanana hadi wakati wa kuzirudisha.) Niliosha kwa maji moto, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani, nikasuuza, nikarudia. Kisha nikafuta kwa spiriti kwa kitambaa cheupe, nikikibadilisha kila kilipochafuka. Nilitumia fulana tatu za watoto. Kitambaa cha mwisho kilipotoka cheupe, ndipo nilipochukua msasa namba 400, halafu 600, nikasugua taratibu ili uso upoteze utelezi bila kufuta ile mikwaruzo midogo ya kiwandani inayoifanya plastiki ifanane na ngozi.

Siku hiyo ya kusugua ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Nilikuwa nimemaliza upande wa dereva, nikahamia upande wa abiria. Juu ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi, ukingo wa dashibodi ulikuwa na jambo la ajabu. Kila mahali palikuwa na ule weupe, lakini pale palikuwa na madoa manne, yamepangana, laini kama jiwe la mtoni, na kijivu cha asili kilikuwa kingali kinaonekana. Nikadhani ni mafuta. Nikasugua doa la kwanza likaisha. Nilipofika la pili, mama alitoka jikoni na kikombe cha chai.

Akasimama mlangoni mwa pikapu. Hakunipa chai. Alinyoosha mkono wake wa kulia akauweka pale nilipokuwa nikisugua, na vidole vyake vikaangukia madoa yale moja moja, isipokuwa kile cha kwanza ambacho hakikuwa na pa kuangukia.

"Hapa ndipo nilikuwa nikijishika," akasema.

Kumbe miaka 23 mama alikuwa akisafiri katika gari lile akiwa ameshika ukingo ule. Baba hakuwa dereva mbaya, lakini alikuwa dereva wa kuzungumza. Akisimulia jambo hukutazama wewe badala ya barabara. Mama akaniambia kwamba usiku wa masika ya 2003, mwaka ule wa mafuriko, alishika hapo kutoka Embulbul hadi hospitalini, barabara imegeuka mto, uchungu umemshika, naye baba akimsimulia habari za ng'ombe wa mtu fulani wa Kibiko ili asiogope. Kitinda mimba wetu alizaliwa saa mbili baada ya kufika.

Nilishusha msasa. Nikamwambia, "Mama, hapa sitapaka. Nitazungushia utepe, pabaki vile vile." Nilikuwa nikisema kweli. Hata nilianza kutafuta utepe.

Mama akaniuliza mnunuzi atalipa zaidi kwa sababu ya vidole vyake? Sikuwa na jibu. Akakiweka kikombe juu ya boneti, akakaa kwenye kiti cha abiria, akanyoosha mkono. "Lete huo msasa," akasema. "Hata hivyo umesugua vibaya, umeacha pembeni."

Akasugua yale matatu yaliyobaki mwenyewe. Alisugua kama anavyosugua sufuria, bila kusita, akipuliza unga kila mara. Chai ikapoa. Mimi nilisimama nje nikijifanya napanga skrubu.

Yaliyofuata ni ya kazi, nami nitayapitisha upesi. Kupaka rangi Embulbul kuna adui mmoja mkubwa, naye ni upepo. Si bure kwamba mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo nchini ilisimamishwa juu ya milima hii ya Ngong mwaka wa 1993. Ukipuliza rangi saa nane mchana, utapaka mbuzi wa jirani. Niliamka saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Nilifunika kioo cha mbele, viti na usukani kwa magazeti ya Jumapili zilizopita, na usishangae nikisema kurasa hizi zilikuwamo. Nilijifunga barakoa, nikafungua milango yote miwili, nikawaambia watoto wakae mbali, maana mvuke wa rangi hizo si wa kuchezewa.

Kwanza nilipuliza praima ya plastiki, ile isiyo na rangi, ambayo kazi yake ni kuifanya polipropilini ikubali kushikwa. Hiyo ndiyo siri yote, na ndiyo watu wengi huiruka ili kuokoa shilingi mia chache. Kisha rangi yenyewe, kijivu kisichong'aa, tabaka nyembamba nne, nikingoja kama dakika 10 hadi 15 kati ya moja na nyingine. Tabaka la kwanza lilionekana baya, madoadoa matupu, nikataka kuongeza papo hapo. Nilijizuia. Rangi nene hutiririka, nayo ikishatiririka huna la kufanya ila kuanza tena na msasa. Juu ya dashibodi usitumie rangi ya kung'aa hata ikiwa nzuri namna gani, kwa sababu jua likiipiga huakisi kwenye kioo cha mbele na dereva haoni barabara. Usukani na kichwa cha gia sikuvigusa. Mikono ingeivua rangi hiyo kwa mwezi mmoja. Na kama gari lako ni la kisasa na lina mfuko wa hewa wa kuokoa maisha, usipake kifuniko chake, wala usikifungue.

Nilivingoja vipande siku nzima na usiku wake kabla ya kuvirudisha. Gharama yote, pamoja na mkebe ule wa aibu, ilikuwa chini ya shilingi 6,000 kidogo. Skrubu mbili zilibaki mkononi mwangu. Sijui ni za wapi hadi leo.

Kaka alikuja Jumamosi yake ya kuwasha injini. Alifungua mlango akakaa kimya. Hatimaye akasema, "Baba angesema umepoteza pesa." Alitabasamu lakini, na akapitisha kiganja juu ya dashibodi mara mbili.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, nalo lilizua ubishi nyumbani. Je, mnunuzi aambiwe kwamba ni rangi? Mmoja wetu alisema mwenye macho na aone. Mimi nilishikilia aambiwe, si kwa sababu ya utakatifu, bali kwa kuwa rangi hii si mpya ya kiwandani. Akiipaka dawa yenye silikoni au kuisugua kwa thina, itamtoka naye atatulaani. Mama akasema aambiwe.

Yule bwana wa Kiserian alirudi. Alifungua mlango, akapitisha kidole, akakitazama. Kilikuwa safi. Nikamweleza kila kitu, hadi namba za msasa. Alisikiliza, akauliza ni nani aliyefanya, na nilipojinyoshea kidole akanitazama kama ambaye amesimuliwa hadithi. Halafu akasema mtu anayekaa kusugua plastiki siku mbili hawezi kuwa ametoka katika nyumba inayosahau oili ya injini. Hakutupa laki nne. Alitupa tatu na themanini, tukapokea. Karo ililipwa wiki hiyo hiyo.

Uhamisho wa umiliki hufanywa kwa mtandao siku hizi, hata hivyo gari lilipaswa kupelekwa, na kaka alikuwa kazini. Mnunuzi alisema angemtuma kijana alichukue. Mama akakataa, akasema tutalipeleka wenyewe. Akavaa kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Mimi nikashika usukani, tukapita Ngong mjini, tukashika barabara ya Kiserian. Lori lilitujia kwa kasi kwenye kona, nikakanyaga breki, nikamwona kwa pembe ya jicho akinyoosha mkono na kushika pale pale.

Alipoutoa, aliufungua akautazama. Haukuwa na unga.

Tulirudi kwa matatu. Mama alikaa dirishani, na alipoona nimenyamaza akaanza kunisimulia habari za yule ng'ombe wa Kibiko, jinsi alivyoingia katika duka la mwenyewe akala nusu gunia la unga, na jinsi baba alivyosema hiyo ndiyo mara ya kwanza kwake kuuza mali bila kukopwa.